Arobaini na Tatu

Walipoingia kichochoroni na kopo la rangi
niliviacha vitumbua vikiungua jikoni.
Mkono ulioshika brashi naujua.
Kule bondeni ulichora eksi nyekundu
kwenye ukuta wa mama yangu,
herufi moja tu, haina irabu wa kuisaidia,
na wiki mbili baadaye tulikuwa tunaokota misumari
kwenye kifusi, tukiinyoosha kwa jiwe.

Basi nikasimama mlangoni, mikono ina unga.
Nikasema: hapa hamchori.

Kijana wa serikali ya mtaa, Lutengano,
kitambulisho kifuani, viatu vimejaa tope,
akacheka, si kwa dharau, kwa uchovu.
"Mama, leo hatubomoi. Leo tunahesabu."
Nikamjibu: hata wale walianza kwa kuhesabu.

Akaandika kwa bluu: 43.
Sikufuta. Sikushukuru pia.
Siku tatu nikawa naiangalia kwa pembe ya jicho
kama mgeni ambaye hajasema atalala au ataondoka.

Kabla ya hapo, niliishi wapi?
Ungeniuliza ningekwambia: shuka Kigogo,
ulizia duka la Mpemba aliyehama,
kata kushoto penye nguzo iliyoanguka
(nguzo yenyewe walishaiondoa),
fuata harufu ya mtaro,
ukisikia cherehani umenipita, rudi.

Ndivyo tulivyomwelekeza dereva wa gari la wagonjwa
usiku ule Zawena, mpangaji wangu wa chumba cha uani,
aliposhikwa na uchungu.
Dereva alikuwa mtu mwema. Alipiga simu mara sita.
King'ora nilikisikia ng'ambo ya mtaro,
kikisogea, kikipotea, kikirudi,
kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Mtoto tulimpokea kwenye kanga, mimi na Havijawa,
kwa tochi ya simu iliyobakiwa na chaji kiduchu.
Mungu hakuhitaji namba kutupata.
Lakini Zawena alihitaji hospitali,
na hospitali haifuati harufu.

Tulimzika Alhamisi.
Mtoto tukamwita Sikujua.

Kichochoro nacho kikatakiwa kiwe na jina.
Mkutano ulijaa hadi watu wakakalia ndoo.
Mmoja akapendekeza jina la diwani; tukaguna.
Vijana wakataja lile jina tunaloliita kila siku,
ambalo mwenyekiti alikataa kuliandika mbele ya watoto.
Havijawa akasema: Njia ya Ndoo Tupu,
maana hapa ndipo tulipopanga foleni miaka yote.
Mtendaji akaifuta "Tupu". Alisema inaitia aibu kata.
Havijawa hajamsamehe.

Karatasi ya kwanza kunifuata hadi mlangoni
ilikuwa ankara ya taka.
Nilitukana vizuri, kwa Kizaramo.
Kisha nikaisoma tena:
Sikudhani Pazi, Njia ya Ndoo, 43.
Miaka hamsini na mmoja,
na mtu nisiyemjua ananidai kwa jina kamili.
Gari la taka huja Jumanne. Au Ijumaa.
Wiki nyingine haliji, nasi tunakwenda ofisini kugomba,
na ofisini wanafungua daftari, wanatuona tumo.

Mwezi wa pili Sikujua akawaka homa, macho yakageuka.
Nikapiga simu. Sauti ikauliza: uko wapi?
Mdomo ukajiandaa kusema Mpemba, nguzo, mtaro.
Nikasema: Njia ya Ndoo, arobaini na tatu.
Kimya kidogo. "Tunakuja."
Wakaja kabla sijapata kiatu cha pili.
Nilikwenda hospitali na kandambili moja,
nikarudi nayo alfajiri, mtoto mgongoni
akilalamika kwamba ana njaa.

Masika hii imekula ukuta.
Tatu imefutika yote, tumebaki nne,
na nne ni kwa Havijawa, atapokea ankara zangu.
Nimemtuma Sikujua ofisi ya mtaa,
kwa Lutengano,
akaazime brashi.